Samaki Mgeni Asiyecheza Majini

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mliochimba mabwawa huko nyumbani, nataka kueleza jambo moja liwasumbualo wote wawekao samaki, awe mmoja katika tangi la kioo au elfu katika bwawa. Samaki aletwa leo, atiwa majini, na kesho yake amelala chini kimya. Hali chakula, hakimbii kivuli cha mkono, wala hawajali wenzake. Hapo mwenyewe huuliza, "Nimpe dawa gani?" Nami nasema ya kuwa swali hilo lafaa kuja mwisho kabisa. Kabla yake yapasa tujue samaki huyu ni wa aina gani, maji aliyotiwa yakoje, na safari yake ilikuwaje. Aghalabu jibu hupatikana hapo, na dawa haihitajiwi.

Kwanza mtazame vizuri, lakini usigonge kioo. Samaki ana mstari ubavuni mwake ambao kwa huo husikia mtikiso mdogo sana wa maji, na kumgongea kioo ni kama kumpigia mgonjwa ngoma sikioni. Keti mbali kidogo, uwe na saa yenye mshale wa sekunde na daftari. Hesabu ni mara ngapi vifuniko vya mashavu yake hufunguka katika dakika moja, uandike. Hesabu tena baada ya saa moja, na tena jioni. Hesabu moja peke yake haikufundishi mengi, kwa maana samaki mdogo hupumua upesi kuliko mkubwa, na maji yenye joto humharakisha kila mmoja. Hesabu nne zilizofuatana, lakini, zaonyesha kama hali yazidi au yapungua. Akiwa amelala ubavu, mshike kwa mkono uliolowa maji, umgeuze polepole. Jicho la samaki mwenye fahamu hujaribu kubaki pale pale lilipokuwa, ingawa mwili umegeuka. Jicho likigeuka pamoja na mwili kama jicho la samaki wa sokoni, basi amekaribia kufa. Mkono sharti uwe umelowa, kwani mkono mkavu humwondolea ule ute uteleziao ambao ndio ngao ya ngozi yake.

Sasa, wako samaki wasiocheza na wala si wagonjwa. Kambare hujificha mchana kutwa chini ya jiwe, na usiku ndipo hutembea kutafuta chakula. Kamongo ni mvivu zaidi, hulala chini kama gogo. Naye kamongo hupata sehemu kubwa ya hewa yake kwa mapafu, si kwa matamvua, hata ukimzuia asifike juu ya maji atakufa maji yeye aliye samaki. Basi ukimweka kamongo katika tangi, usijaze mpaka kwenye kifuniko. Acha nafasi ya hewa. Na samaki hawa hawana kope za kufumba, kwa hiyo hulala macho wazi. Mtu akiingia chumbani usiku na taa hudhani wamekufa.

Lakini anayewadanganya watu kuliko wote ni jike la ngege au la furu. Furu ni wale samaki wadogo ambao huku Uganda huitwa nkejje. Jike likiisha kutaga, huyachukua mayai kinywani, na huko ndiko yanakoanguliwa. Wakati huo wote halili, au hula kidogo sana, hujitenga pembeni, na koo huvimba. Je, si dalili za ugonjwa hizo? Katika chumba chetu cha biolojia alikuwako furu jike aliyeletwa kutoka Majanji, kule Ziwa Viktoria. Siku ya tatu vijana wa kidato cha pili walikuwa tayari na kijiti cha kumfungulia mdomo wamtie dawa. Mwalimu akawazuia, akawaonyesha jinsi taya lilivyokuwa likitikisika kama mtu atafunaye. Alikuwa akiyageuza mayai ili yapate maji safi. Siku ya 17 vichanga 22 vikatoka kinywani mwake, na siku ile ile akala dagaa waliopondwa kwa pupa. Kijiti kile kingaliua roho 23.

Ikiwa samaki wako si mmoja wa hao, basi yachunguze maji kabla ya kumchunguza yeye. Huku kwetu Petta, na kote kati ya Tororo na Busia, maji hutoka katika bomba, katika kisima cha pampu, katika bati la nyumba wakati wa mvua, au katika kinamasi, na kila moja lina hila yake. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua. Yaache katika beseni pana lisilofunikwa kwa siku nzima, na kuyakoroga mara kwa mara, ndipo utie samaki. Maji ya kisima kirefu ni safi kwetu sisi wanywaji, lakini hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, na mengine huwa na chuma kigeukacho kutu nyekundu yakipata hewa. Yamimine kutoka ndoo hata ndoo mara nyingi, uyaache yatulie. Maji ya mvua hayana chumvi za madini ya kutosha. Hayo uyachanganye na ya kisima.

Tukumbuke pia jinsi samaki anavyoishi kwa hewa chache. Lita moja ya hewa tuvutayo ina mililita 210 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la sentigredi 25, hata mililita 6 haifikishi, nasi huku tuko juu ya bahari zaidi ya meta 1,000, ambapo hupungua tena. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi, na wakati huo huo samaki huhitaji zaidi. Samaki aliyekosa hewa huja juu, mdomo wazi, akitweta. Ukiona wote wako juu hivyo kwa pamoja, usitafute ugonjwa, kwa maana ugonjwa hauwashiki wote kwa saa moja.

Hapo nitatoa mfano, kwa kuwa jambo hili karibu lilete vita. Mzee mmoja wa huku kwetu alichimba bwawa ukingoni mwa kinamasi, akaletewa vifaranga 600 vya ngege kwa pikipiki kutoka upande wa Busia. Vilitiwa majini vikiwa vizima. Siku ya tatu, alfajiri, vilikutwa vyote juu vikitweta, na nusu vilikuwa vimekwisha kufa. Jirani ambaye waligombana naye juu ya mpaka wa shamba akatajwa kuwa ametia sumu, na maneno yakafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwalimu wetu aliombwa aje kutazama, nami nikafuatana naye kubeba kipimajoto na vikaratasi vya kupimia asidi.

Maji yalikuwa ya kijani mno. Mkono ulizama mpaka kifundo tu, vidole vikawa havionekani tena. Mzee alikuwa ametia samadi ya ng'ombe, mikokoteni mitatu, akitumaini kuwanenepesha upesi. Saa kumi za jioni vile vifaranga vilivyobaki vilikuwa vikicheza kama kwamba hapana jambo. Tukalala kwake. Saa kumi na moja alfajiri vilikuwa juu tena, midomo wazi, na jua lilipopanda mpaka saa tatu vikashuka chini kimoja kimoja. Sababu ni hii: vile vijimea vya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku navyo huivuta, na samadi inayooza huivuta pia, hata ikafika alfajiri haikubaki. Sumu ya mtu haiji kila alfajiri na kuondoka saa tatu. Mzee aliacha kutia samadi, akaleta maji ya chemchemi kwa mfereji, yakawa yanadondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa, hasa usiku wa manane. Alfajiri ya nne hapana kifaranga kilichokuja juu. Shauri la sumu likaachwa, ingawa ule ugomvi wa mpaka ungaliko mpaka leo.

Katika tangi la kioo adui mkubwa ni mwingine, naye haonekani kwa macho. Samaki hutoa takataka ya mwili wake katika namna ya amonia, hasa kwa njia ya matamvua. Ziwani hupotea katika maji mengi. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda. Lakini tangi likiisha kukaa, bakteria fulani huota juu ya changarawe na kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana. Kazi ya bakteria hao ilielezwa na Mrusi aitwaye Sergei Winogradsky mnamo mwaka 1890, akichunguza udongo, wala hakuwa na habari ya matangi yetu. Sasa bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuota vya kutosha. Ndiyo sababu tangi jipya, lililosuguliwa likang'aa, laweza kumwua samaki ambaye angeishi salama katika tangi lililo na kijani kidogo pembeni. Na wale waoshao changarawe kwa sabuni na maji ya moto kila Jumamosi huwafukuza watumishi wao wenyewe.

Ubaya wa amonia hutegemea kama maji yana ukali wa asidi au wa magadi. Katika kipimo cha pH 7, kwa joto la sentigredi 25, haifiki sehemu 1 katika 100 ya amonia hiyo iliyo katika namna ya sumu kali. Kwa pH 8 ni sehemu 5 hivi. Kwa pH 9 ni 36. Nataka wenzangu wa Tororo waangalie hapa. Mawe ya kilima chetu yana chokaa nyingi, na ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji mjini. Ni mazuri kwa macho, na wengi huyaokota kupamba tangi. Chokaa hiyo hupandisha pH. Dondoshea jiwe asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, pale maabara. Likichemka mapovu, mpe mjenzi. Changarawe ya mtoni isiyochemka ndiyo ifaayo.

Samaki aliyeshikwa na amonia huwa mzito, hukaa chini au hutapatapa ghafula, na matamvua huwa mekundu kama yaliyochubuka. Aliyeshikwa na nitriti damu yake hugeuka rangi ya udongo, na matamvua huwa ya kahawia. Hao wote wawili dawa yao ni maji: toa robo au theluthi ya maji ya tangi, utie mengine yaliyokwisha kulazwa na yenye joto lile lile, na kesho ufanye vivyo hivyo. Acha kumlisha. Omba konzi mbili za changarawe kutoka katika tangi la zamani lenye samaki wazima, uzitie humo, nawe utakuwa umeleta bakteria tayari. Kwa nitriti chumvi kidogo ya kupikia husaidia pia, maana kloridi iliyomo huizuia nitriti isiingie kwa urahisi katika matamvua.

Hapa siwezi kupita bila kumrudia kamongo. Homer Smith, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa habari za figo, alimchunguza na kuandika mwaka 1930. Kamongo akiwa majini hutoa amonia kama wenzake. Kinamasi kikikauka naye akajifukia katika tope, hapana maji ya kuichukua hiyo amonia, naye angejiua mwenyewe kwa sumu yake. Basi mwili wake huigeuza kuwa yurea, isiyo na ukali, na kuiweka akiba mpaka mvua irudi. Ngege hana hila hiyo.

Sasa habari ya safari. Vifaranga husafirishwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi juu yake, umefungwa kwa mpira. Njiani hupumua na kutoa kaboni dayoksaidi, nayo huyafanya maji yawe na asidi. Kwa sababu hiyo amonia iliyokusanyika humo haiwadhuru sana. Ukifungua mfuko, ile kaboni dayoksaidi hutoroka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu katika dakika chache. Kwa hiyo mfuko uliokuja mbali usiufungue ukauacha wazi huku ukiongeza kikombe kimoja kimoja, kama wengine wanavyoshauri. Uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa, kivulini, kwa dakika 15 au 20, hata joto la ndani na la nje liwe sawa. Kisha fungua, uwachote samaki kwa wavu laini, uwatie majini mara moja. Yale maji ya mfuko yamwage kwenye migomba. Kikombe kimoja kimoja chafaa kwa samaki waliokuja katika ndoo wazi kwa mwendo mfupi, maana hapo kaboni dayoksaidi ilikuwa ikitoka njia nzima.

Wako pia wauzaji wanaowalisha samaki asubuhi ya safari ili waonekane wenye nguvu. Mmoja alituletea sisi namna hiyo, na maji ya mfuko yalikuwa meupe kwa kinyesi kabla ya kufika. Samaki wa kusafiri hufaa kukaa siku moja bila chakula, hata mbili. Naye akiisha kufika, usimpe kitu siku ya kwanza. Funika tangi kwa gunia ili apate giza, umwache. Samaki mzima haumizwi na siku chache za njaa, lakini ugali uliolala chini bila kuliwa huoza, na kuoza huko huzaa amonia ileile tuliyokuwa tukiifukuza.

Ikiwa aina yake si ya kulala, maji ni mema, safari ilikuwa nzuri, na bado siku ya tatu hachezi, ndipo utafute ugonjwa. Uonekanao sana kwa samaki wageni ni madoa meupe kama chembe za chumvi juu ya mapezi na ngozi, naye hujikwaruza kwa mawe. Hicho ni kijidudu kinachokaa chini ya ngozi, ambako dawa haikifikii. Kikikomaa huanguka chini, hujigawa kikawa mamia, na watoto hao huogelea kutafuta samaki. Ni wakati huo wa kuogelea tu ambapo huuawa. Kwa joto letu mzunguko wote huweza kwisha kabla ya wiki moja, na kwa hiyo mwenye kutibu siku mbili akaacha kwa kuwa madoa yametoweka hakutibu kitu. Tia chumvi gramu 3 kwa kila lita, yaani gramu 60 kwa dumu la lita 20, uigawe mara tatu katika siku moja ili samaki aizoee, uiache wiki mbili. Ukibadili maji, rudisha chumvi kwa kadiri ya maji uliyotoa tu. Mimea ya majini iondoe kwanza, kwani wengi hawakumbuki kuwa chumvi huiua.

Vidonge vya rangi mbili vya dukani, ambavyo mama zetu hununua kwa kila kikohozi, msivifungue mkamwaga unga wake majini. Vyaweza kuua bakteria wale wema, na vile vijidudu vibaya visivyokufa hujifunza kuvistahimili. Kisha siku moja vitamkuta mtu. Tena yako magonjwa ambayo hayana dawa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa wamegundua virusi vya ngege katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Samaki wake huacha kula, huwa wazito, na ngozi huchubuka. Wakifa wengi namna hiyo, mpe habari afisa wa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua wengine.

Na awaye yote asimhurumie samaki mgonjwa kwa kumrudisha mtoni. Mto Malaba huenda Mpologoma na kufika Kyoga. Mto Sio hushuka Ziwa Viktoria. Samaki mmoja wa tangi la Petta, mwenye kijidudu au wa aina ngeni, ana njia ya kufika mbali. Ngege wa asili, yule ambaye Michael Graham alimwandika kwa jina la kitaalamu mwaka 1928, karibu atoweke katika Ziwa Viktoria baada ya sangara na ngege wa Naili kutiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Leo hutafutwa katika viziwa kama Kanyaboli, huko Siaya. Aliyekufa mfukie ardhini, mbali na bwawa, umwagie majivu au chokaa. Mgeni mwingine akija, mweke peke yake katika karai kubwa kwa wiki mbili au tatu, na karai hilo liwe na wavu wake na ndoo yake, visivyoingia katika tangi kubwa mpaka vimeoshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa juani kutwa nzima.